Nyama Inakungoja, au Wewe Ndiye Unayeingoja?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtu wa Morogoro, huu mwaka wa pili nipo Columbus, Ohio, nafanya kazi ghalani. Kila Jumamosi wanangu watatu wananitoa jasho. Mkubwa hataki kusikia kitu ila Wendy's, wa kati ni McDonald's, mdogo ni Burger King kwa sababu ya taji la karatasi. Kazini kuna jamaa wa California anatucheka wote, anasema baga ni In-N-Out tu, nyingine ni maboksi. Kwangu mimi zote ni mkate na nyama ya kusaga, na menyu zao zinanichosha: picha ukuta mzima, ladha moja. Nijibu kama mtu aliyesimama jikoni: nani anapika vizuri, na hela yangu niipeleke wapi? Na je, siwezi kuitengeneza nyumbani? Baba wa Watatu."*

Marahaba, Baba wa Watatu. Nimesimama mbele ya bamba la moto miaka tisa, Texas na baadaye California, kabla sijarudi kufundisha upishi, na swali lako nimeulizwa na mashemeji, majirani na madereva wa teksi. Huwa nalijibu kwa kumrudisha mtu nyumbani. Ukishuka stendi ya Msamvu usiku na njaa yako, banda la chipsi lina kabati la kioo, na ndani yake zimelala chipsi za tangu jioni. Unafanyaje? Unamwambia kijana, "Nikaangie mpya." Hujamuuliza viazi vimetoka Njombe au Lushoto. Hujamuuliza mafuta ya aina gani. Umemuuliza jambo moja tu: hizi zilipikwa kabla sijafika, au zitapikwa kwa sababu nimefika?

Kampuni za baga za Marekani zinapishana hapo kuliko kwenye viungo, sosi au matangazo. Kuna ambako nyama inakungoja wewe, na kuna ambako wewe unaingoja nyama. Ukishajua kampuni ipi iko upande upi, ugomvi wa Jumamosi unapungua nusu.

Hii habari ya nyama kumngoja mtu ina mwanzo wake. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walikuwa na mgahawa San Bernardino, California, tangu 1940. Waliuza nyama ya kuchoma na vitu ishirini na kitu vingine, wahudumu wakipeleka sahani hadi kwenye magari. Walipokaa wakapiga hesabu, wakakuta baga ndiyo inayowalisha. Mwaka 1948 wakafunga kwa miezi mitatu, na walipofungua menyu ilikuwa na vitu 9. Wahudumu hakuna, sahani hakuna, uma hakuna, na baga imeshuka hadi senti 15. Iliwezekana kwa sababu hawakumsubiri mteja aagize. Baga zilikuwa zimeshapikwa, zimefungwa, ziko chini ya taa za joto, kila moja na haradali yake, kitunguu chake na achari yake ya tango vilevile. Anayetaka bila kitunguu asimame pembeni.

Kwa hiyo ile menyu fupi ndiyo iliyofanya mfumo uende. Vitu 9, watu wengi, nyama haikai. Baga inayongoja dakika tatu haina neno. Shida imekuja baadaye, menyu iliporefuka na kungoja kukabaki palepale.

Na hiyo menyu inayokuchosha, usidhani iliandikwa na wataalamu waliokaa kwenye meza ndefu makao makuu. Sehemu kubwa ililetwa na wenye matawi waliokuwa wanakosa wateja. Lou Groen alikuwa na tawi Cincinnati, hapo hapo jimboni kwenu, mtaa wa Wakatoliki. Ijumaa watu hawali nyama, duka linalala. Mwaka 1962 akaja na mkate wa samaki, ndio Filet-O-Fish hadi leo. Jim Delligatti wa Pennsylvania aliona wafanyakazi wa viwandani wanataka kitu kikubwa zaidi, 1967 akaanza kuuza Big Mac, na mwaka uliofuata ikaenea nchi nzima. Mkate wa yai nao ulitoka kwa mwenye tawi wa Santa Barbara, ili jiko lisilale asubuhi. Kila kitu kina sababu yake ukikisikia peke yake. Ukivirundika pamoja ndipo unapata ukuta wa picha.

Ninavyoiona mimi niliyekaa upande wa pili wa kaunta, kila picha mpya ukutani ni droo nyingine, sosi nyingine, kitufe kingine kwenye mashine, na kijana wa miaka kumi na tisa anayetakiwa kukumbuka yote hayo saa sita na nusu mchana. Wakati wa korona McDonald's wenyewe walipunguza menyu Marekani, saladi zikaondoka, na kifungua kinywa cha kutwa nzima walichokianzisha 2015 kikaondoka nacho. Jikoni watu walipumua.

Ngoja nikuoneshe droo yenyewe. Kwenye jiko la namna hiyo kipande chembamba cha nyama kinawekwa kati ya mabamba mawili ya moto, moja chini, moja juu, na kinaiva chini ya dakika moja. Kisha kinaingia kwenye droo ya joto yenye saa ya kuhesabu. Saa ikilia, nyama inatupwa. Ndivyo kitabu kinavyosema. Tawi moja nililofanya kazi, la kampuni ambayo sitaitaja, msimamizi wetu wa zamu ya mchana alikuwa na kidole chepesi: saa ikilia tu, anaibonyeza ianze upya. Ikifika saa tisa alasiri, ile nyama imekuwa ya kijivu, imejikunja pembeni kama soli ya kandambili. Tulijua cha kufanya. Tulikuwa tunaongeza jibini.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauna jina la kampuni. Nenda wakati wa foleni. Watu wengi hukwepa saa sita na saa saba mchana, kumbe ndipo nyama haipati nafasi ya kulala. Saa tisa, kwenye maegesho matupu, ndipo unapouziwa ya tangu mchana.

Sasa tuwapatanishe watoto.

Wa kati na McDonald's yake. Baga ndogo ya McDonald's ina nyama ya gramu 45 hivi kabla haijapikwa. Jikoni tuliziita kumi-kwa-moja, maana ratili moja inatoa vipande kumi. Big Mac ina vipande viwili vya hiyo hiyo, yaani gramu 90, na mkate wa tatu katikati wa kujazia. Quarter Pounder ina kipande kimoja cha robo ratili na ushei, zaidi ya gramu 113. Umeona? Ile yenye jina kubwa na ghorofa mbili ina nyama pungufu kuliko jirani yake. Tena tangu 2018, kwenye matawi mengi ya Marekani, nyama ya Quarter Pounder haigandishwi na inapikwa baada ya wewe kuagiza. Hizi ndogo bado zinatoka kwenye droo. Chini ya paa moja, menyu moja, kuna nyama inayokungoja na nyama unayoingoja, na ubaoni hakuna anayekuandikia hivyo. Mtoto akililia ladha ya Big Mac, muagizie McDouble, ombeni iwekwe sosi ya Big Mac na saladi iliyokatwakatwa. Gramu ni zile zile 90, mkate wa katikati tu ndio haupo, na kwa kawaida bei inashuka.

Nikiwa kwenye robo ratili, kuna kisa nakipenda. Miaka ya themanini kampuni ya A&W ilileta baga ya theluthi ya ratili kwa bei ile ile ya robo ya McDonald's. Haikununuliwa. Mmiliki wake wa wakati huo, Alfred Taubman, alisimulia kwamba walipowauliza wateja, wengi walilalamika: kwa nini tulipie theluthi sawa na robo? Tatu si ndogo kuliko nne? Mfundishe mwanao hesabu za sehemu mapema, zitamlisha.

Mdogo na taji lake la karatasi. Burger King walianza kuuza Whopper huko Miami mwaka 1957, senti 37, na hoja yao tangu zamani ni moto wa kweli. Nyama inapita juu ya miali kwenye mnyororo unaotembea, mafuta yanadondoka motoni, moshi unapanda, nyama inapata mistari na harufu. Kwa mtu aliyekulia kwenye mishkaki hoja hiyo inaingia moyoni haraka. Ila usisahau muuza mishkaki anakupa mkononi ikiwa bado inalia. Whopper kwa kawaida inatoka motoni inakwenda kwenye chombo cha joto na mvuke, na mvuke ndio adui wa kitu kilichochomwa. Harufu inabaki, ukavu wa juu unaondoka. Naiona Whopper kama saladi nzuri yenye nyama: nyanya, kitunguu kibichi, achari, mayonezi ya kutosha. Saa saba mchana naila bila kulalamika. Saa nne usiku sitii mguu.

Mkubwa, kwa hawa watatu, ameshinda. Na si kwa sababu anaishi mji wa nyumbani kwao, ingawa kweli ndiko: Dave Thomas alifungua Wendy's ya kwanza hapo Columbus, Novemba 1969. Nyama yao hapo Marekani, karibu nchi nzima, haijagandishwa. Ni ya mraba, kona zinatokeza nje ya mkate ili uione kabla hujauma, na inapikwa kwenye bamba bapa. Haimaanishi hailali kabisa, wanapika wakikadiria watu walioko kwenye foleni. Ila ile iliyokosa mwenyewe wana pa kuipeleka: inakatwakatwa na kuingia kwenye sufuria ya chili, ule mchuzi wao wa maharage na nyama. Wenyewe hawafichi. Wapo wanaokunja uso wakisikia, mimi nawavulia kofia. Yule msimamizi wangu wa kidole chepesi angekuwa na sufuria ya chili asingehitaji kudanganya saa. Nyama iliyokauka kwa baga bado ni njema kwa mchuzi, mama yako alilijua hilo kabla ya Dave Thomas.

Hapo mjini kwenu kuna mwingine wanao hawajamtaja, naye ndiye babu yao wote. White Castle ilianza 1921 huko Wichita, Kansas, na 1934 ikahamishia makao makuu yake Columbus. Baga zao ni ndogo mno, mraba, za kununua tano au kumi. Nyama ina matundu matano, inalazwa juu ya kitunguu kilichotandazwa kwenye bamba, mkate unawekwa juu yake, na mvuke wa kitunguu unapanda kupitia matundu unapika vyote viwili. Hakuna kugeuza. Hapo hutapata ukoko kabisa, wala usiutafute. Hiyo ni karibu na kitu cha kuchemshwa, laini kama mandazi ya mchuzi, na shati lako litanuka kitunguu hadi Jumapili. Mimi naipenda. Mke wangu anasema ni chakula cha hospitali. Kajaribuni, uamuzi wenu.

Tuje kwa yule jamaa wa ghalani. In-N-Out ilifunguliwa 1948 Baldwin Park, California, na Harry na Esther Snyder, mwaka ule ule ndugu McDonald walipofuta menyu yao. Wale wakachagua kupika kabla, hawa wakachagua kukungojesha. Ubaoni hadi leo kuna baga, baga ya jibini, na ya nyama mbili jibini mbili, na chipsi, soda na milkisheki. Hawana friza wala maikrowevu, na hawauzi leseni kwa watu, kila tawi ni lao. Kwa kuwa nyama haigandishwi, matawi hayawezi kukaa mbali na viwanda vyao vya nyama. Ndio maana walichukua zaidi ya miaka sitini kufika Texas. Muulize jamaa yako kuhusu "Animal Style", yaani "mtindo wa mnyama": nyama inapakwa haradali ikiwa bado bambani, inawekwa kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa rangi ya asali, na sosi ya ziada. Hiyo haipo ubaoni, wateja wanarithishana. Jamaa yako ana haki kwenye nyama. Kwenye chipsi hana. Viazi vinakatwa mbele yako, jambo zuri la kutazama, kisha vinakaangwa mara moja tu, na dakika nne baadaye vimelegea kama kamba iliyolowa. Kijana yeyote wa banda la chipsi Morogoro anajua kiazi kinataka mafuta mara mbili.

Kwa chipsi, na kwa baga ya kuingoja iliyo jirani na wewe, nenda Five Guys. Familia ya Murrell ilianza Arlington, Virginia, 1986. Hawana friza, wanakaanga kwa mafuta ya karanga, viungo vya juu, ukiacha jibini na bekoni, ni bure, na chipsi wanazimwaga hadi zinajaa chini ya mfuko. Mambo mawili ya kujua. Baga yao ya kawaida ina nyama mbili. Ukitaka moja, omba "ndogo". Wageni wengi wanalipia vipande viwili bila kukusudia, halafu wanasema Five Guys ni ghali. Ni ghali, lakini si kiasi hicho. La pili, mtoto mwenye mzio wa karanga asivuke hata mlango.

Wasomaji Waislamu wataniandikia, niwajibu hapa hapa. Nyama ya kampuni hizi Marekani kwa kawaida si ya kuchinjwa kihalali. Matawi mawili ya McDonald's huko Dearborn, Michigan, yaliwahi kuuza kuku wa halali, likazuka shauri mahakamani, na 2013 yakaacha. Halafu chipsi: za McDonald's hapo Marekani zilikaangwa kwa mafuta ya ng'ombe hadi 1990, na walipohamia mafuta ya mimea wakaongeza ladha inayotokana na ng'ombe, ambayo bado imo. Columbus ina Wasomali wengi na mabucha ya halali, kwa hiyo aya za mwisho za jibu hili ndizo zenu.

Kuhusu hela, usilipe bei ya ubaoni. Bei ya ubaoni siku hizi ni ya mtu aliyesahau simu nyumbani. Nyingi ya kampuni hizi zina programu ya simu yenye punguzo, na tofauti kwa watu wanne si ndogo. Soda acha.

Sasa nyumbani. Nenda dukani utafute nyama ya kusaga iliyoandikwa 80/20, yaani asilimia 20 ni mafuta. Usichukue ile konda ukidhani unajali afya, utapika mbao. Kata matonge ya gramu 60, usiyakande, usiyatie chochote. Najua mkono wako utakwenda kwenye giligilani, tangawizi na pilipili manga, na chumvi ndani. Hiyo ni kababu, tamu sana, tupike siku nyingine. Chumvi ikichanganywa ndani inashikamanisha nyama inakuwa ngumu kama soseji.

Chukua chuma cha chapati, kile kizito. Kipashe moto hadi tone la maji likidondoka linakimbiakimbia. Usiweke mafuta. Weka tonge, funika na karatasi ya kuokea, na kwa kitako cha sufuria ndogo likandamize kwa nguvu zako zote, sekunde kumi, hadi liwe jembamba kupita unavyoamini. Toa karatasi, nyunyiza chumvi juu. Kisha usiliguse. Unachokitafuta ni ukoko, ule ule wanaougombania watoto chini ya sufuria ya wali. Nyama na chuma vikigusana sawasawa, unyevu unakauka, nyama inageuka kahawia na ladha inazaliwa hapo. Ukichokoachokoa, haupati. Baada ya dakika moja na nusu kingo zitakuwa kama utepe wa kushonea, za kahawia. Kwangua kwa mwiko bapa wa chuma, ukiuinamisha, ili ukoko utoke na nyama usibaki chumani. Geuza, weka jibini, funika na mkate juu unase joto.

Iive hadi ndani, usiache wekundu. Nyama ya kusaga si kama steki, uchafu wa nje umeshachanganywa katikati. Mwaka 1993 baga zisizoiva vizuri za Jack in the Box, pwani ya magharibi, ziliua watoto 4 na kuwafanya watu zaidi ya 700 waugue, na tangu hapo hakuna jiko la kampuni kubwa linalofanya mzaha. Kiwango ni nyuzi 71 za Selsiasi. Kwa wembamba huu utafika bila kipimo, sekunde arobaini upande wa pili zinatosha.

Vipande viwili kwa mtoto mmoja, mkate uliopashwa kwa siagi, achari, kitunguu kibichi kidogo, haradali. Taji la karatasi mdogo atengeneze mwenyewe wakati nyama iko motoni. Na waite mezani kabla hujageuza, wakae, sahani ziwe tupu mbele yao.